Ufagio Chini ya Mialoni

Hapa mtaani La Rochelle, Johannesburg, watoto wananiita Bibi Ufagio, na sina kinyongo nao, maana jina hilo nimejipatia kwa mikono yangu. Kila jioni wananiona uani nikifagia chini ya mti mmoja, na kila asubuhi wananiona nimeinama palepale, miwani puani, kama mtu aliyedondosha hereni. Wakiniuliza natafuta nini, nawaambia natafuta unga. Wanacheka, halafu wanakimbilia spaza, kiduka cha mtaani, kununua chipsi.

Sasa padri wa misa yetu ya Kiswahili ameniomba niwaandikie ninyi vijana mnaotafuta kazi za bustani. Kasema, "Mama Lindi, waandikie hata kurasa chache, wengine wanashika mkasi kama wanashika nyoka." Nimekubali kwa masharti mawili. Kwanza, msome wenyewe, msimpe mama awasomee. Najua Kiswahili mnakielewa. Huwa hamkielewi pale tu mnapotumwa dukani. Pili, msitegemee niwafundishe kwa mambo niliyoyapatia. Nitawaeleza siku kumi na moja nilizofagia unga nikanyamaza, mti uliokufa, na nafasi niliyoipoteza. Mengine nitakayoyachomeka humo ni ya kuwasaidia mpate riziki.

Mimi ni mzaliwa wa Morogoro. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa kijana wa Afrika Kusini aliyeishi uhamishoni kwetu. Nchi yao ilipofunguka tukaja huku Johannesburg na binti yetu Lindiwe mgongoni. Miaka ishirini nilifanya kazi kwenye bustani ndogo ndogo za watu, leo huku kesho kule, nikajiona fundi. Mwaka 2015 ndipo nilipoajiriwa kwenye bustani kubwa ya mlimani, upande wa kaskazini, na nilikaa huko mpaka nikastaafu 2019. Miaka hiyo minne ilinifundisha kuliko ile ishirini.

Nyumba yenyewe ilijengwa zamani na tajiri wa dhahabu kwa ajili ya mke aliyekuwa akilia kwa kukumbuka kwao Uingereza. Basi tajiri akaamua kumletea Uingereza mlangoni. Mawe ya mlima yakachongwa yakawa ngazi. Pakapandwa waridi katika vitanda vya pembe nne, na kuta fupi za vichaka vya kijani zilizokatwa kwa kufuata kamba, na pakachimbwa bwawa la mviringo ambalo samaki wake ni wanene kuliko mimi. Chini ya hayo yote kuna uwanda mpana wa nyasi wenye miti mikubwa, ili mtu akikaa barazani asione mgodi wala moshi. Katikati ya uwanda, kutoka getini mpaka kwenye ngazi, ipo njia ya mawe yenye mialoni kumi na minne, saba kila upande. Mwaloni ni mti wa Ulaya, mgumu, haukui kwa haraka. Aliyeupanda mara nyingi hakai kwenye kivuli chake.

Mkuu wa bustani alikuwa Baba Sithole, Mzulu mmoja mdogo wa mwili mwenye kofia kubwa. Alizaliwa vyumba vya watumishi nyuma ya nyumba hiyohiyo. Baba yake ndiye aliyebeba ndoo za maji kunywesha mialoni ilipokuwa na kimo cha mtoto. Mvua ya mawe ilipoua mche wa tatu kushoto, alipanda mwingine kwa mkono wake. Baba Sithole hakuuita mwaloni. Aliuita "wa Baba", na ukimwuliza tuuwekee mboji mti upi kwanza, jibu unalo.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane, mjukuu wa yule tajiri, tuliyemwita Madam. Alikuwa mpole, lakini alikuwa na sheria moja ngumu: hakuna kitu kinachotoka getini. Si jani, si ua, si kijiti. Aliwahi kuibiwa miche ya waridi ikauzwa barabarani kwenye robot, yaani taa za magari, naye akaiona akiwa ndani ya gari lake. Tangu hapo mlinzi wa getini alipekua mifuko yetu kila tunapotoka. Mlinzi huyo alikuwa Faustin, mtu mzima wa Uvira, Kongo, aliyekuwa mwalimu kwao. Alikuwa akinipekua huku akiniomba radhi, na mimi nikimwambia ajaribu na kwenye kilemba.

Sasa ngoja niwape aibu yangu ya kwanza, maana ile kubwa ilizaliwa humo.

Wiki ya kwanza Baba Sithole alinituma kwenye kamelia zilizo upande wa kivuli nyuma ya nyumba. Kamelia ni kichaka chenye majani yanayong'aa, na mizizi yake iko juu juu, karibu na uso wa ardhi. Hilo la mizizi sikulijua. Nilichokiona ni uchafu: majani makavu ya miaka na miaka yamerundikana chini ya vichaka. Niliona aibu kwa niaba ya nyumba. Mimi nimelelewa na bibi aliyeamini kwamba uwanja usiofagiwa ni tangazo la uvivu wa mwanamke wa nyumba hiyo. Kwake, kabla hakujapambazuka sawasawa ufagio wa chelewa ulishapita, na ardhi ilikuwa na mistari iliyonyooka. Basi nikachukua reki, kisha ufagio, nikafagia mpaka udongo mwekundu ukabaki mtupu. Matoroli tisa ya majani nikayamwaga jaani. Nikasimama mikono kiunoni kusubiri sifa.

Baba Sithole alipofika alivua kofia.

"Hawu, Mama kaLindiwe. Nani kawavua nguo hawa?"

"Nimesafisha, Baba."

"Umesafisha." Akainama akachota udongo, ukamponyoka vidoleni kwa ukavu. "Mwaka huu mvua imegoma. Jiji limetukataza mipira ya maji mchana. Hayo majani ndiyo blanketi lao, na ndiyo mtungi wao. Sasa watakunywa nini?"

"Nitawamwagilia kwa ndoo."

"Yebo, utamwagilia. Na majani utayarudisha, yote, kwa mkono. Reki itakata mizizi."

Kuyatoa kulichukua asubuhi moja; kuyarudisha kulichukua siku mbili, nimepiga magoti, nikitandaza majani mahali pasafi kama mwendawazimu. Nilimpigia dada yangu Morogoro nikamwambia huku nalipwa kumwaga takataka. Alicheka mpaka salio likaisha. Kamelia mbili zilikufa hata hivyo. Mashina yake niliyang'oa mwenyewe na nililia kidogo, maana miti ile ilikuwa imewazidi umri wazazi wangu.

Kwa hiyo andikeni hili mahali. Majani makavu chini ya mti ni matandazo, usiyapeleke jaani. Unene wa vidole vinne unatosha. Yaache mbali na shina upana wa kiganja, yasije yakaozesha gome. Mwaka ule wa ukame majirani zetu walipoteza vitanda vizima, sisi tukapoteza kamelia mbili tu, zile nilizoziua mimi.

Baada ya hapo Baba Sithole aliona mkono wangu bado unawasha. Akanionea huruma. "Chukua njia ya mialoni," akasema. "Ile ni mawe, haina mizizi ya kuumiza. Fagia mpaka uridhike." Tangu siku hiyo njia ikawa yangu. Saa moja asubuhi, kabla ya kushika kazi nyingine yoyote, nilianza getini na kumaliza kwenye ngazi. Nilijivunia njia ile kuliko nilivyojivunia nyumba yangu.

Alinifundisha mengi mengine. Ukuta wa kijani ukatwe uwe mpana chini na mwembamba juu, ili jua lifike miguuni. Vijana wengi wanaukata kinyume, halafu wanashangaa chini kumekuwa na vipara. Usiamini jicho, funga kamba. Ukimaliza kukata mmea mgonjwa, futa mkasi kwa spiriti kabla hujagusa mzima. Waridi kwetu huku hukatwa Julai, kwenye baridi yenyewe, na usilionee huruma. Waridi linaloonewa huruma halitoi maua. Baba Sithole alikuwa na hadithi ya mtunza bustani wa kwanza, Mwingereza, aliyefuata kalenda ya kwao, ambako majira ni kinyume cha huku, miaka miwili mizima, akapanda mbegu za masika wakati baridi inabisha hodi. Watumishi walimwambia. Akawajibu kwamba kitabu kinajua zaidi. Mwaka wa tatu akawauliza wao kwanza.

Nilimcheka sana Mwingereza yule. Sikujua zamu yangu iko njiani.

Mwaka 2018, kuelekea majira ya joto, Baba Sithole aliniambia kwamba mwaka unaofuata angekwenda kupumzika kwao Natal, na amemwomba Madam nafasi yake nipewe mimi. Mkuu wa bustani, mimi, mwanamke, tena mgeni! Nililipokea neno lile kwa furaha ambayo sikumwonyesha mtu. Kwanza, akasema, angechukua likizo ya wiki tatu aende kijijini kuweka jiwe kwenye kaburi la baba yake, kazi aliyokuwa akiiahirisha kwa miaka. Akanikabidhi funguo. "Madam atakuangalia," akasema. "Nikirudi nikute bustani kama nilivyoiacha."

Nikaapa moyoni kwamba atakuta imezidi.

Siku ya pili baada ya kuondoka kwake, chini ya mwaloni wa tatu kushoto nilikuta unga. Ulikuwa mweupe, laini, umetulia juu ya mawe karibu na shina, kiasi cha kijiko cha chai. Nikadhani ni siafu au mchwa, nikafagia. Kesho yake ukawepo tena. Nikafagia. Siku ya tatu uliongezeka kidogo, na kwenye gome niliona madoa ya unyevu, nikayafuta kwa kitambaa. Hebu fikirini, mtu anafuta mti kwa kitambaa! Nilitaka Madam akitazama kutoka barazani aone njia inang'aa. Niliongeza bidii, nikawa napita pale mara mbili kwa siku.

Siku ya tano mti uliangusha matawi mawili makavu, makubwa kama paja. Wiki hiyohiyo Faustin alifiwa na mama mkwe wake, na matanga yakawekwa uani kwake, hapa La Rochelle, kwenye nyumba aliyopanga kwa mama mmoja Mreno. Ninyi mnajua matanga ya huku. Watu wanatoka Doornfontein, wanatoka Pretoria, siku nne hawaondoki, na masufuria ya kulisha umati huo hayapikiki kwenye jiko la umeme. Faustin aliniambia getini, macho chini, "Maman Lindi, watu iko wengi, makala yote imeisha. Sijue tutafanya aje." Makala kwao ni mkaa.

Kwetu mtu haendi msibani mikono mitupu. Nilitazama matawi yale yaliyolala kwenye nyasi, nikasema mti umeyatoa wenyewe, hakuna aliyekata. Nikayapiga msumeno. Kesho yake jamaa wa Faustin akaja na pikapu, mlinzi wa kupekua mifuko akafungua geti, na kuni za Madam zikatoka. Siku ile nililala nimeridhika kabisa. Nilikuwa nimefanya utu.

Siku ya kumi na moja Faustin alikuwa amerudi kazini. Alikuja kusimama kando yangu nikifagia.

"Maman, ule unga unafagiaka kila asubui, mbona iko inarudia tu?"

"Mchwa hao."

"Mchwa hapana. Mchwa inajenga na udongo. Iyi ni unga ya muti. Kuna kitu iko inakula ndani."

Niliweka ufagio chini. Nikavaa miwani, nikalisogelea gome kwa mara ya kwanza, mimi niliyepita pale kila siku. Kulikuwa na matundu. Madogo, ya duara, kama yametobolewa kwa ncha ya kalamu ya wino, na yalikuwa mengi, yakipanda juu kuliko nilivyoweza kufikia. Nikaenda kumwambia Madam.

Mtaalamu wa miti alifika kesho yake. Alikuwa dada wa Kiafrikana, mzungu wa hukuhuku, mwenye kaptula na kisu kidogo. Alibandua kipande cha gome, akatuonyesha mbao iliyoingia weusi, kisha akamtoa mdudu na kumweka kiganjani. Alikuwa mdogo kama punje ya ufuta. Akaeleza kwamba mdudu huyo ni mgeni, ametoka mbali, na kwa sasa anaua miti ya jiji zima. Hali mbao. Anatoboa, anaingia na ukungu wake, anaupanda humo ndani na kula anachovuna. "Ni mkulima," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimchukia mkulima. Dawa ya kutegemewa hakuna. Huu wa tatu umeshajaa, lazima ukatwe. Mingine kumi na mitatu tungeichunguza, na kama tungekuwa na bahati tungeiwahi.

Kisha akauliza, akitutazama sote. "Kuna kuni zozote za mti huu zilizotoka humu? Maana hivyo ndivyo anavyosafiri. Kuni mbichi au kavu, yeye anapanda tu."

Madam akajibu mara moja kwamba katika nyumba yake hakuna kinachotoka getini. Faustin alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwetu. Alinitazama. Ana watoto wanne, na kazi yake ilikuwa kupekua mifuko. Mimi nilikuwa na funguo za Baba Sithole mfukoni na nafasi iliyoahidiwa. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Dada yule akaandika kwenye karatasi zake, akaenda zake.

Siku mbili zile sikula. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeficha maradhi ya mti, sasa naficha na njia aliyotokea. Nilikuwa nikipanda teksi ya kurudi nyumbani nikitazama miti ya barabarani, kila mmoja nikiuona na matundu.

Baba Sithole alirudi kabla ya likizo kuisha. Madam alimtumia ujumbe. Alikuja na begi lake moja kwa moja mpaka kwenye mti wa tatu. Aliweka kiganja kwenye gome, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Mimi nilisimama nyuma yake. Alikuwa ametoka kumwekea baba yake jiwe kaburini, akaja kukuta hili.

"Unga ulianza lini?" akauliza bila kugeuka.

"Uliondoka Jumatatu, nikauona Jumatano."

"Ukaufagia siku ngapi?"

"Kumi na moja."

Ndipo akageuka. "Ulizihesabu?"

"Nilizihesabu, Baba."

"Basi ulikuwa unajua."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa heri angenitukana. Ni kweli, watoto wangu. Mtu hahesabu siku za kitu asichokiogopa. Tangu siku ya tatu moyo ulikuwa umeniambia, na kila asubuhi nilifagia ili nisisikie.

"Na kuna kuni," nikasema. Yakanitoka yote: matawi, matanga, pikapu, swali la mtaalamu na ukimya wangu. Nilisema ni mimi niliyezitoa, Faustin hakuomba, alieleza shida yake tu. Nilisema nikilia, kamasi mpaka kidevuni.

Alivua kofia akajipangusa uso. "Zimeungua zote?"

"Sijui."

"Kilichoungua hakina neno. Kilichobaki ndicho hatari. Twende."

Tulichukua pikapu ya kazini. Alipita kwanza barazani kumwambia Madam tunakokwenda na kwa nini. Hakuniruhusu nimwambie baadaye. Tukaenda moja kwa moja La Rochelle. Faustin, aliyekuwa mapumziko siku hiyo, alitufungulia. Zaidi ya nusu ya kuni zilikuwa zimeungua chini ya masufuria. Zilizobaki zilikuwa zimepangwa vizuri sana, kwa mkono wa mtu nadhifu, na zimeegemezwa kwenye shina la mti mkubwa uliokuwa uani, mti wa kizungu wenye gome la mabaka, unaotupa kivuli kwenye kamba za nguo za nyumba nzima. Zilikuwa zimekaa pale siku tisa.

Tulizifunga kwenye turubai, tukapiga magoti wote watatu kuokota vipande hadi vya ukubwa wa njiti. Mama Mreno alitoka na kahawa akatuuliza tumepoteza nini. Baba Sithole alimwambia ukweli, kwa Kiingereza chake kifupi, na kumwomba radhi yeye mwenyewe, wakati kosa lilikuwa langu. Hilo liliniuma kuliko neno lolote aliloniambia.

Mti wa Baba ulikatwa wiki iliyofuata. Ulisagwa palepale, vipande vikafunikwa kwa plastiki nzito juani wiki kadhaa mpaka mdudu akaiva. Baba Sithole hakukaa ndani. Alisimama na kofia mkononi tangu tawi la kwanza mpaka kisiki, na mimi nilisimama naye, ingawa nilitamani ardhi inimeze.

Madam hakunifukuza, na Faustin naye alibaki. Lakini Madam aliniita barazani na kuniambia, kwa upole wake, kwamba nafasi ya mkuu wa bustani ataitafutia mtu mwingine. "Unaelewa, siyo?" akasema. Nilielewa. Nilirudi kukata maua ya waridi yaliyonyauka. Bado naumia nikikumbuka, na siwezi kusema nilionewa.

Jioni ileile Baba Sithole alinikuta stoo, nimekalia ndoo. Akachukua ufagio wangu ukutani akanipa.

"Kuanzia leo utafagia jioni," akasema. "Chini ya kila mwaloni, mpaka mawe yawe matupu. Asubuhi usifagie. Asubuhi utaangalia."

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mwaka wangu wa mwisho. Jioni nafagia, asubuhi natembea taratibu, nimeinama, nasoma mawe. Palipokuwa pasafi jana, unga wa leo unaonekana hata ukiwa wa kujaza kucha. Mara mbili niliuona siku ileile uliyoanguka. Mara zote mbili lilikuwa tawi moja, likakatwa, likafungwa, mti ukabaki. Mtaalamu alikuja kutazama akawaambia wenzake waige. Nilipoondoka mialoni kumi na mitatu ilikuwa imesimama. Kwenye pengo la tatu kushoto pamepandwa mti wa asili ya huku, mdogo bado, unafungwa kwenye kijiti.

Mama Mreno alipotangaza chumba nikakiomba. Watu walishangaa kwa nini nimeacha chumba kikubwa kwa Lindiwe nikaja kubanana huku. Nilitaka kuwa karibu na mti ule ulioegemezewa kuni zangu. Karibu mwaka mzima nimefagia jioni na kuangalia asubuhi, na kila asubuhi ardhi ilikuwa na mistari yangu tu, na nyayo za paka.

Wiki iliyopita, Jumanne, palikuwa na unga. Mdogo, wa kubana kwa vidole viwili, chini ya tawi la upande wa jikoni. Kama ni wa kuni zangu, au wa mti wa jirani, au wa upepo, hakuna ajuaye, na mimi sitajua mpaka naingia kaburini. Ufagio ulikuwa pale pale mlangoni, na hakukuwa na mtu mwingine uani.

Nilimgongea mama Mreno nikamwambia. Nikampigia yule dada wa miti, akasema anakuja mchana. Halafu nikampigia Baba Sithole huko kwao Natal. Nilimsikia akimfukuza mbuzi, kisha akanisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Leo, Baba. Leo tu."

Akasema, "Sharp, Mama kaLindiwe," kama wasemavyo huku kitu kikiwa sawa, na akarudi kwa mbuzi wake.